Kompyuta ya michezo kwa dola 1,500: RTX 4060 au RTX 4070?

Mkaazi wa Lubumbashi aliyetenga dola 1,500, asiye na uwezo wa kuongeza hata dola moja, huweza kujikuta akichagua kati ya kompyuta mpakato nene yenye kadi ya michoro ya RTX 4060 na nyembamba yenye RTX 4070. Kwa hesabu ya viini, yaani vitengo vya kukokotoa ndani ya kadi, ya pili inaongoza, 4,608 dhidi ya 3,072; lakini kadi zote mbili zina kumbukumbu yake ya GB 8 tu, kwa hiyo mchezo unaoijaza utakwama kote kuwili.

Kinachoamua zaidi ni wati. Kila mtengenezaji hupanga mwenyewe umeme ambao kadi itaruhusiwa kutumia, na umbo jembamba lisiloweza kutoa joto hulazimika kuupunguza. Oktoba, kabla ya mvua, niliweka kiganja juu ya kompyuta nyembamba ya rafiki yangu katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, baada ya nusu saa ya mchezo: vitufe vya katikati vilichoma vidole, feni zilivuma, na picha zikaanza kusitasita.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika, zote hudhoofika, maana betri haiwezi kulisha kadi kama chaja.

Mimi ningechukua ile nene, ambayo kwa kawaida huwa nafuu, na fedha inayobaki ilipie kumbukumbu kuu ya kompyuta (RAM) ya GB 32 na stabilaiza nzuri, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Aliyezoea kibodi ya Kifaransa aangalie pia mpangilio wa herufi kabla ya kulipa.