Treni ya Rameswaram: tiketi, daraja la Pamban na visima 22

Treni ya kwenda Rameswaram naipa nne kwa tano. Alama iliyopungua ni ya tiketi, si ya safari. Rameswaram iko kwenye kisiwa cha Pamban, kusini-mashariki mwa Tamil Nadu, India, na reli inaingia hadi kisiwani. Kwa Wahindu ni mojawapo ya vituo vinne vya hija ya Char Dham, kwa hiyo kitanda unakigombania na mahujaji wa India nzima. Wengi wetu wa Afrika Mashariki hufika Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, kwa shughuli za hospitali au biashara, na kutoka hapo ni usiku mmoja tu.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, saa 2 asubuhi ya India, yaani saa 11 na nusu alfajiri ya Nairobi na Dar. Maelezo ya zamani yanayotaja siku 120 yapuuze, utaratibu huo ulikoma Novemba 2024. Mwenye pasipoti ya kigeni ajiandikishe IRCTC, tovuti ya tiketi za reli ya India, wiki kadhaa mapema, kwa sababu namba ya uthibitisho isipofika kwenye simu hutapita. Kadi ya benki ikigoma, nenda dirisha la wageni kwenye stesheni kubwa kama Chennai Central, pasipoti mkononi.

Herufi za kwenye tiketi ndizo zinazowachanganya watu. CNF maana yake kitanda unacho. RAC unapanda, lakini mnakaa wawili kwenye kitanda kimoja cha pembeni hadi mmoja wenu apate chake. WL ni foleni: GNWL 32/WL 14 inasema ulinunua ukiwa wa 32 na sasa umefika wa 14. Orodha ya mwisho ikitoka ungali WL, tiketi ya mtandaoni hujifuta na pesa hurudi, na kupanda huruhusiwi. Foleni ya GNWL, ambayo kwa kawaida ni ya wanaoanzia mwanzo wa njia, husogea haraka kuliko PQWL ya stesheni za katikati. Kwa hiyo mimi hushauri kununua kuanzia Chennai hata kama utapandia mbele, mradi ubadilishe kituo cha kupandia mapema. Usipofanya hivyo mkaguzi atakiona kitanda kitupu na kumpa mwingine. Tatkal, tiketi za dharura za siku moja kabla, usizitegemee: tangu Julai 2025, kuzinunua mtandaoni kunataka Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India, ambacho msafiri wa kupita hana.

Kwa daraja la behewa, ninalolipendekeza ni 3A, la vitanda vya ngazi tatu, lenye kiyoyozi, shuka, blanketi na mto. Sleeper, lisilo na kiyoyozi, ni nafuu sana, ila shuka ni lako na vumbi ni lako. Omba kitanda cha juu. Cha kati hufunguliwa saa 4 usiku na kukunjwa saa 12 asubuhi, na wa chini akitaka kuketi mapema zaidi mtabishana. Soma pia jina la stesheni kwenye tiketi kabla ya kuita teksi: treni za upande huu kwa kawaida huondokea Chennai Egmore au Tambaram, wala si Chennai Central, na kuna watu huachwa na treni kwa kosa hilo tu.

Sasa daraja la Pamban lenyewe, linalovusha treni baharini hadi kisiwani, ambalo ndilo linalowavuta hata wasio na hija. La zamani lilifunguliwa 1914 na treni zikaacha kulipita Desemba 2022. Jipya, la kilomita 2 na ushei, lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 2025. Kipande chake cha mita 72.5 hupandishwa wima kama lifti ili meli zipite chini. Ukiangalia dirishani huoni ukingo wala ardhi, ni maji tu chini ya magurudumu. Ila treni za usiku kutoka Chennai hulivuka gizani au alfajiri, na ukilala hutajua kama umepita bahari. Anayetaka kuliona afike mji wa Madurai kwanza, alale hapo, kisha achukue treni ya abiria ya mchana: kama kilomita 160, karibu saa nne, tiketi unainunua stesheni siku hiyo hiyo, bila namba ya kiti. Fika mapema ushike kiti cha dirishani. Kati ya Oktoba na Desemba ni msimu wa mvua na vimbunga. Upepo ukizidi, treni husimamishwa, hivyo usipange ndege ya kurudi siku hiyo hiyo.

Kutoka stesheni hadi hekalu la Ramanathaswamy ni mwendo mfupi wa bajaji. Patana bei kabla ya kupanda. Mahujaji huanza kwa kuoga baharini, Agni Theertham, kisha huzunguka visima 22 vya ndani. Mtu amesimama ukingoni mwa kisima, anatupa ndoo ya kamba, anavuta, anakumwagia kichwani, unasogea kisima kinachofuata. Sakafu ya mawe imelowa mwanzo hadi mwisho na viatu haviruhusiwi, kwa hiyo wazee wapewe mkono. Lipa dirishani, si kwa anayekufuata njiani akidai ana njia ya mkato. Baada ya visima sharti ubadilishe nguo, kwani mwenye nguo mbichi haendi mbele ya madhabahu. Simu na kamera hubaki nje. Asiye Mhindu haingii patakatifu, lakini zile korido ndefu za nguzo anaweza kuziona.

Ukibaki na nusu siku, nenda Dhanushkodi, kiasi cha kilomita 20. Mji huo ulifagiliwa na kimbunga cha Desemba 1964, pamoja na treni iliyokuwa na abiria ndani. Zamani reli iliishia huko na abiria wakapanda boti kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ndiyo maana treni moja ya Chennai huitwa Boat Mail mpaka leo. Kivuli hakuna, beba maji.

Kwa kurudi, treni huanzia Rameswaram kwenyewe, kwa hiyo ukifika mapema unapata nafasi ya mizigo chini ya kitanda. Nguo za visima zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Maji ya chumvi yakivuja usiku kwenye 3A, wa kitanda cha chini hatakusamehe.