Usolisita Uingereza: chuo kikuu au uanagenzi?

Njia zote mbili za kuwa solisita, yaani wakili anayeshauri wateja na kuwaandalia nyaraka, zinakufikisha kwenye mtihani uleule wa kufuzu, SQE, ulioanza 2021: kwanza maswali 360 ya kuchagua jibu, kisha majaribio 16 ya vitendo, likiwemo la kumhoji mteja ana kwa ana.

Tofauti iko mfukoni. Wa chuo analipa karo, halafu ada ya mtihani inayokaribia pauni 5,000, bado kozi ya maandalizi. Mwanagenzi halipi kitu. Anapokea mshahara, na kama siku moja kwa wiki ni ya masomo.

Kwa muda, hawaachani sana: uanagenzi miaka 6 hivi, shahada miaka 3, kisha miaka 2 ya uzoefu kazini. Ila wa chuo anaweza kuukusanya uzoefu huo sehemu hadi nne, hata kituo cha msaada wa kisheria. Mwanagenzi amefungwa kwa mwajiri wake, na nafasi zenyewe zinagombaniwa vibaya.

Una miaka 18 na kwenu hali ngumu? Ningeanza kuomba uanagenzi, fomu ya chuo nikiwa nimeshajaza. Mwenye shahada tayari, hata ya Dar es Salaam au Nairobi, sioni kwa nini asiende moja kwa moja kwenye SQE.