Maikrostreini ama asilimia, uandike gani?

Hii ubishi kwa mjengo huku Kilimani haiishi: kitu kikivutika, uandike kimerefuka kwa asilimia ngapi ya urefu wake, ama kwa maikrostreini, yaani sehemu ngapi kwa milioni ya huo urefu? Kwa nondo na zege, maikrostreini inashinda, maana namba ni nzima: nondo ikivutika 1,000 unazidisha na GPa 200 (ugumu wa chuma kuvutika) unapata mkazo wa MPa 200 hapo hapo, lakini kwa asilimia hiyo ni 0.1 na nukta ikipotea kwa WhatsApp umeisha. Sasa raba, ikivutwa urefu uwe maradufu ni asilimia 100 tu, kwa maikro ni 1,000,000, nani ana hiyo nguvu ya kuandika? Kubadilisha si kazi, asilimia 1 ni maikro 10,000, ila wengi huweka 1,000, na hiyo ni ya milimita moja kwa mita. Ripoti ikienda kwa landilodi, andika asilimia. Ikienda kwa injinia wa geji (vifaa vya kupima huko kuvutika), wacha maikro.