Machine Head: filamu yenye kibali cha bendi au isiyo nacho?

Ukitaka kuielewa Machine Head ya Deep Purple, albamu ya roki nzito ya mwaka 1972, kuna filamu za aina mbili zinazosimulia ilivyotengenezwa: yenye kibali cha bendi na isiyo nacho. Yenye kibali ina faida moja kubwa: kanda za studio, ambamo kila ala imerekodiwa kivyake. Fundi wa sauti akizima gita, akazima na ngoma, kinabaki kinanda cha Jon Lord peke yake. Hapo ndipo unapong'amua kuwa mkwaruzo uliodhani ni wa gita, kumbe ni kinanda hicho cha Hammond kilichopitishwa kwenye amplifaya ya Marshall! Nilipolijua hilo niliisikiliza albamu nzima upya, mwanzo hadi mwisho.

Filamu isiyo na kibali haina kanda hizo. Muziki huja vipande vipande, picha ni za zamani, wasemaji ni wahakiki na wanamuziki wa nje. Hata hivyo wako huru kusema wimbo fulani ni dhaifu, neno ambalo ni nadra kulisikia kwa wenye albamu.

Kisa cha Montreux, Uswisi, albamu iliporekodiwa, yeyote anaweza kukisimulia vizuri: kasino kuungua tarehe 4 Desemba 1971 mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa akiwa jukwaani, bendi kuhamia Grand Hotel iliyofungwa kwa baridi, magodoro kupangwa koridoni kutuliza mwangwi, na nyaya kutambaa hadi kwenye lori la kurekodia la Rolling Stones. Hapo filamu zote mbili zina nguvu sawa.

Mimi ningeanza na yenye kibali, kwa ajili ya kile kinanda. Nyingine nitaitazama na rafiki anayependa kubishana.