Chemshabongo na hadithi za kwenye simu: ipi ulipie, ipi uchukue bure, ipi uiache dukani

Likizo moja nilikaa na mpwa wangu wa miaka sita. Siku ya tatu naamka, bando la wiki limekwisha na salio nalo limeliwa na data hadi shilingi ya mwisho. Mtoto alikuwa amepakua mchezo wa kupanga matunda. "Ni wa bure shangazi, umeandikwa bure." Kweli ulikuwa bure. Ila kila alipokwama ulimwekea video ya tangazo, akimaliza hiyo nyingine, na yeye alikwama mara nyingi kwa sababu ndivyo ulivyotengenezwa. Nilipopiga hesabu ya bando na vocha, nikakuta ningeweza kununua mchezo mzuri wa kulipia na chenji ikabaki.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizwa na ndugu na majirani: niweke nini kwenye simu ya mtoto, niweke nini kwenye yangu ya kupotezea muda kwenye foleni? Orodha hii ni majibu yangu. Nimeipanga kwa jinsi ninavyoona thamani ya hela, bando na nafasi kwenye simu, maana vyote vitatu ni gharama.

Kabla hujapakua

Nina majaribio matatu. La kwanza, zima data na ufungue programu. Ikifunguka na kuchezeka, vizuri. Ikigoma au ikaanza kulalamika kwamba haina mtandao, jua bando lako limepata mpangaji. La pili, soma maandishi madogo chini ya jina kwenye Play Store: "Ina matangazo" na "Ununuzi wa ndani ya programu". Kimojawapo nakivumilia kwenye mchezo wa mtu mzima. Vyote viwili vikikutana kwenye mchezo wa mtoto, sipakui. La tatu ni lugha. Mtoto asiyejua Kiingereza atabonyeza tu picha, na wewe utadhani anajifunza.

Angalia pia nafasi. Simu ya GB 32 iliyojaa video za harusi za WhatsApp haitabeba kila kitu, na yenye RAM ya GB 2 itahema kwenye michezo yenye michoro mizito. Kama una kishikwambi, yaani tableti (neno lililosambaa midomoni mwetu mwaka wa sensa ya Tanzania, 2022, makarani walipopita navyo nyumba kwa nyumba), kitumie hicho kwa hadithi. Kurasa za picha kwenye kioo kidogo cha simu zinamchosha mtoto haraka.

1. African Storybook: bure, na kwa Kiswahili

Kwa nyumba yenye mtoto anayeanza kusoma, hii naiweka ya kwanza bila kusita. Ni mradi wa Saide, shirika la Afrika Kusini, na hadithi zake zimetolewa kwa leseni huria, yaani unazisoma, unazichapisha, hata unazitafsiri bila kumlipa mtu. Ziko kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ukishapakua hadithi kwenye programu yao ya kusomea unaweza kuzima data ukaendelea.

Usitegemee vikaragosi vinavyorukaruka ukivigusa. Ni ukurasa, picha na sentensi mbili tatu. Lakini humo kuna kitu ambacho programu za bei kubwa hazina: jiko la kuni, mbuzi, kuku, bibi aliyejifunga khanga. Mpwa wangu aligandisha kidole kwenye picha ya kuku akanisimulia habari za kuku wa kwao kwa dakika kumi nzima, ukurasa wenyewe haujasomwa. Mimi nilihesabu hayo kuwa masomo.

Kwa kuwa watu wengi huandika na kutafsiri humo, Kiswahili hakilingani kutoka hadithi moja hadi nyingine. Ipitie wewe kwanza, ni dakika mbili. Na ukiwa na subira, mradi huo unaruhusu kutunga hadithi yako pia. Tuliitunga yetu, ya mbuzi aliyekula daftari la hesabu siku moja kabla ya mtihani. Hadi leo naombwa kuisoma kuliko zote.

Anayetaka nyingi zaidi aongeze StoryWeaver ya Pratham Books wa India, iliyoanza 2015. Nayo ni bure, vitabu vimepangwa kwa ngazi za usomaji, na vya Kiswahili vimo. Mazingira ya picha nyingi ni ya Kihindi, jambo ambalo watoto hawalioni kuwa tatizo hata kidogo.

2. Feed the Monster: bure, kwa anayejifunza herufi

Mchezo huu una asili ya kipekee. Ulitokana na shindano la Norad, shirika la misaada la Norway, la kutafuta michezo ya kuwafundisha watoto wa Syria kusoma Kiarabu wakati vita vimewaondoa shuleni. Ulikuwa mmoja wa washindi wawili wa mwaka 2017. Baadaye shirika la Curious Learning likaupeleka kwenye lugha nyingine nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hakikisha unapakua toleo la Kiswahili, si la Kiingereza.

Unavyochezwa: kuna zimwi dogo lenye njaa. Mtoto anasikia sauti ya herufi, anaburuta herufi inayofanana na sauti ile hadi mdomoni mwa zimwi. Akikosea, zimwi linatema. Akipatia, linameza na kadiri linavyolishwa linakua. Kutemewa herufi kunawachekesha watoto kiasi kwamba wengine hukosea makusudi, usishangae. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika sauti za herufi hakawii kuunganisha maneno. Tofauti ya "ng" na "ng'" hata hivyo kaa naye umfundishe mwenyewe.

Wapo wanaoniambia mtoto hawezi kujifunza kwa kioo. Mkoani Tanga hilo lilijaribiwa kwa ukubwa wake: shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170, vikiwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya kuchajia kwa sola. Mwaka 2019 ushindi ukagawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu za wote waliofika fainali zikaachwa huria. Ukikutana na mojawapo ya majina hayo mawili dukani, ipe nafasi.

3. Monument Valley: ukilipia mmoja tu, uwe huu

Sasa tuje kwetu watu wazima, ingawa huu nimewahi kucheza na mtoto wa miaka saba na alinipita. Ulitoka 2014, kazi ya ustwo games wa London, kwa dola 3.99. Unalipa mara moja. Hakuna matangazo, hakuna sarafu za kununua, na baada ya kuupakua hauhitaji mtandao.

Unamwongoza Ida, binti mfalme mdogo mwenye kofia iliyochongoka, kwenye majumba yasiyowezekana. Ngazi mbili zimeachana, hakuna njia. Unazungusha mnara kwa kidole, na kwa pembe fulani macho yako yanaona ngazi zimegusana. Basi zimegusana kweli, na Ida anapita. Wazo hilo linatoka kwenye michoro ya Mholanzi M. C. Escher. Maneno ni machache mno, kwa hiyo asiyejua Kiingereza hapotezi kitu.

Lawama kubwa ni kwamba ni mfupi: sura 10, jioni mbili na umemaliza. Malalamiko yalizidi ilipotoka nyongeza ya kulipia mwaka huohuo wa 2014, watu wakaupa nyota moja kwa hasira. Mimi nasema bei ya chipsi kuku kwa jioni mbili za namna ile si wizi. Kama inakuuma, subiri. Michezo ya kulipia hushushwa bei mara kwa mara, hasa nyakati za sikukuu.

4. The Room: kwa mpenda kufuli na funguo

Fireproof Games wa Uingereza waliutoa 2012 kwenye iPad, na Android ikaupata mwaka uliofuata. Umewekewa sanduku zito katikati ya chumba chenye giza. Unalizunguka, unapapasa, unakuta kitasa kidogo, ndani yake ufunguo, na ufunguo wenyewe unabadilika umbo ukiuzungusha. Kuna kioo cha kuvaa machoni kinachoonyesha maandishi yaliyofichika. Sauti ya chuma kikikaa mahali pake ni tamu, vaa spika za masikioni.

Una vidokezo ndani yake ukikwama, bila kulipia wala kuangalia tangazo. Barua za humo ni za Kiingereza, lakini fumbo lenyewe ni la mikono. Ni mzito kwa simu dhaifu, na giza lake linatisha watoto. Ukiupenda, kuna The Room Two, Three na Old Sins, lakini anza na wa kwanza, ndio wa bei nafuu.

5. Florence: hadithi ya mapenzi unayoigusa

Huu ni kitabu cha picha kwa watu wazima kuliko mchezo. Aliyeuongoza ni Ken Wong, yuleyule aliyebuni Monument Valley, safari hii akiwa na kampuni ya Mountains ya Melbourne, 2018. Nusu saa hivi na umemaliza.

Nitataja kipande kimoja tu. Florence anatoka na Krish kwa mara ya kwanza, na ili azungumze unaunganisha vipande vya kiputo cha maneno. Mwanzoni vipande ni vingi, unahangaika, kama mtu anavyohangaika kutafuta la kusema mbele ya anayempenda. Wakizoeana, vipande vinapungua hadi kimoja, maneno yanatoka yenyewe. Halafu siku ya ugomvi, kingo za vipande zinakuwa kali. Hakuna neno hata moja lililoandikwa kwenye viputo hivyo. Nililipia, nikacheza mara moja, sijajuta.

Wengine kwa ufupi

2048 ni bure na ni mwepesi. Kijana Mwitaliano, Gabriele Cirulli, aliutengeneza Machi 2014 akiwa na miaka 19 na kuuacha huria, ndiyo maana nakala zake hazihesabiki dukani, nyingi zikiwa zimejaa matangazo. Chukua yenye uzito mdogo na uicheze ukiwa umezima data. Threes! ulioutangulia kwa wiki chache ni wa kulipia, umesukwa vizuri zaidi na ni mgumu zaidi. Kama unapanda daladala kila siku, utakulipa.

Khan Academy Kids ni bure kabisa, hauna matangazo, kwa watoto wa miaka 2 hadi 8, na una vitabu vinavyosomwa kwa sauti. Ungekuwa juu zaidi kwenye orodha hii kama lugha yake ingekuwa yetu. Kwa mzazi anayetaka mtoto azoee Kiingereza, hakuna wa kuushinda kwa bei hiyo.

80 Days wa inkle, 2014, unakufanya Passepartout, mtumishi wa bwana anayetaka kuizunguka dunia. Maandishi tele, njia tele, kila safari tofauti. Kiingereza chake ni cha kitabuni. Msomaji mzuri atakesha nao, asiyependa kusoma ataufuta kabla safari haijatoka London.

Bao nalo lipo kwenye simu kwa matoleo mengi. Nimejaribu matatu. Sheria wanazipatia, ila bao lisilo na mzee wa pembeni anayekukejeli kila ukitaka kula, mimi limenishinda.

Wa mwisho kabisa: jamii ya Candy Crush

Candy Crush Saga yenyewe ya kampuni ya King, 2012, imetengenezwa kwa ustadi, silalamikii hilo. Ila tazama ilivyopangwa: una maisha matano, ukiyamaliza unangoja nusu saa kwa kila moja kurudi, au unalipa. Hiyo subira ndiyo bidhaa inayouzwa. Mtu mzima anayejizuia acheze. Kwenye simu ya mtoto, au kwenye simu yenye kadi yako iliyohifadhiwa, isiwepo.

Kulipia

Kenya ni rahisi, Google Play inapokea M-Pesa. Kwingine wengi wetu tunatumia kadi pepe ya Visa au Mastercard inayotolewa na mitandao ya pesa kwa simu. Weka humo kiasi cha mchezo huo tu, na cha juu kidogo kwa ajili ya kodi na kupanda kwa dola. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Play Store uwashe uthibitisho kwa kila ununuzi, ili nenosiri liulizwe kila mara. Ukiunda kikundi cha familia, kama huduma hiyo ipo nchini kwako, programu nyingi ulizolipia zinaweza kutumiwa na watu wengine watano bila kununua tena.

Na ukinunua, usiuweke akiba wa wikiendi ijayo. Fungua usiku huohuo, cheza sura mbili, uone kama simu inapata moto au inaganda. Google hukubali maombi ya kurudishiwa hela ndani ya saa 48 tangu ununue. Zikipita, unabaki kumwandikia aliyeutengeneza.