TAZARA, Mlimba hadi Mbeya: huduma ilivyo, kasoro zake, na ugomvi wa wakubwa ulioizaa

Mwenye haraka apande basi. Barabara ya Tanzam humfikisha mtu Mbeya kutoka Dar es Salaam kwa siku moja, na treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haishindani nayo kwa saa. Ila kwa watu wa Mlimba, Uchindile na vijiji vya miteremko kati ya bonde la Kilombero na Makambako, ambako masika yakikolea barabara hugeuka tope tupu, reli ndiyo njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali na mchele sokoni. Huduma hii ipimwe kwa macho ya watu hao kwanza, mtalii na kamera yake wafuate.

Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili ni vitanda sita, halafu kuna mabehewa ya viti. Vyumba hupangwa kwa jinsia, kwa hiyo mke na mume wanaotaka kukaa pamoja hununua vitanda vyote vya chumba. Kwa safari ya usiku mmoja daraja la pili linatosha kabisa. Omba kitanda cha juu, maana cha chini hugeuka kiti cha wote mchana kutwa. Behewa la chakula lipo, lakini treni ikichelewa sana vyakula huisha, basi nunua stesheni: mchele wa Kilombero na ndizi upande wa bondeni, viazi na mahindi ya kuchoma ukishafika juu. Beba maji ya kutosha na fedha taslimu, tena noti ndogondogo. Blanketi usiliache. Karibu na Mbeya, pale Uyole, reli hufika mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya juu kuliko zote katika kilomita 1,860 za njia hii, na baridi ya Juni na Julai haiulizi umekata daraja gani.

Mwenye kifurushi afike stesheni mapema, apime mzigo, adai risiti, na aandike jina na kituo cha mwisho pande mbili za mzigo. Lebo moja ikichanika, gunia lako linafanana na magunia mengine yote. Stesheni ya Mbeya iko upande wa Iyunga, nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda Tunduma. Treni ikiingia usiku wa manane, usafiri wa kuingia mjini uwe umeshapangwa.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho roho ya reli hii, na ndicho kinachoitesa. Njia inapanda ukuta wa milima kutoka bondeni hadi nyanda za juu kwa mahandaki 18 na madaraja mengi, likiwemo la Mto Mpanga lililosimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa kama mita 50 kila moja. Vichwa vya kwanza vya treni, vya Kichina vya mfumo wa haidroliki, vilielemewa na mlima huu; miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli-umeme vya muundo wa General Electric ya Marekani. Ratiba ya kutoka Dar es Salaam imezoeleka kuondoka alasiri, hivyo mlima hupandwa kuelekea alfajiri. Ukitokea Mbeya kipande hicho huangukia usiku, huoni kitu.

Kuhusu kuchelewa, sababu kubwa ni kwamba njia ni moja. Treni mbili hupishana stesheni tu, kwa hiyo behewa moja la shaba likianguka karibu na Uchindile, abiria walioko Makambako na walioko Ifakara wote wanasubiri. Sababu ya pili iko chini ya magurudumu. Mfereji wa pembeni ukiziba, maji hukaa kwenye tuta, kokoto humezwa na tope, mataruma ya zege huanza kucheza na reli hupoteza mstari. Fundi hana njia nyingine ila kuweka kikomo cha kasi mahali hapo. Vikomo vya namna hiyo vikiwa kumi, saa zimeshaliwa bila ajali yoyote. Ongeza upungufu wa vichwa vya treni: kimoja kikiharibika mlimani, cha kukivuta hutoka mbali. Ratiba za abiria zimekuwa zikisimamishwa na kurudishwa, hivyo thibitisha stesheni yenyewe, usitegemee tangazo la zamani.

Pamoja na kasoro hizo, mtu akitaka kuipima reli hii kwa haki lazima ajue kwa nini iko hapa. Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Zambia, ambayo shaba yake ilipita Rhodesia kwenda baharini, ikajikuta imebanwa. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilisema reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi. China ikasema itaijenga. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa kazini. Wakati huohuo Marekani, isiyotaka kuiachia China uwanja, ilisaidia kuweka lami barabara ya Tanzam. Ndiyo maana leo ukisimama Makambako unaona barabara ya mmoja na reli ya mwingine zikiwa jirani. Kwetu ugomvi wa wakubwa uliacha njia mbili.

Angola ugomvi huohuo uliacha mabomu ya ardhini. Januari 1975 vyama vitatu vya ukombozi vilikubaliana Alvor, Ureno, kugawana serikali. Kila kimoja kilikuwa na jeshi lake na mfadhili wake. MPLA ya Agostinho Neto ilipata silaha za Urusi ya Kisovieti na askari wa Cuba. FNLA ya Holden Roberto ilisaidiwa na Marekani na Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo), na China hiyohiyo iliyochimba mahandaki ya Mlimba iliipa wakufunzi wa kijeshi. UNITA ya Jonas Savimbi iliegemea Afrika Kusini ya makaburu, kisha Marekani. Uhuru ulipotangazwa Novemba 11, 1975, vita ilikuwa imeshafika mlangoni mwa Luanda.

Vita ya namna hii haiishi upesi kwa sababu anayeelekea kushindwa hujazwa upya. Wanajeshi wa FNLA na Zaire walisogea hadi Quifangondo, karibu kabisa na Luanda, wakavunjwa na makombora ya Kisovieti. Bunge la Marekani lilizuia msaada wa siri mwaka 1976, likaondoa zuio 1985, na mwaka uliofuata UNITA ikapokea makombora ya Stinger ya kutungulia ndege. Mwaka 1987 jeshi la serikali lilisonga kusini na vifaru vya Kisovieti kuimaliza UNITA. Afrika Kusini ikaingia kuiokoa, Cuba ikaongeza askari, na Cuito Cuanavale ikawa uwanja wa vita kwa miezi. Nani ajadiliane akiwa anajua shehena nyingine iko njiani? Mikataba ya New York ya Desemba 1988 iliwaondoa wageni, lakini mafuta ya serikali na almasi za Savimbi vilitosha kuendeleza mauaji hadi alipouawa Februari 2002.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaguswa na habari hii moja kwa moja. Reli ya Benguela ya Angola, inayokwenda bandari ya Lobito, ilifungwa na mapigano Agosti 1975, miezi miwili tu baada ya utandikaji wa reli yetu kukamilika. Shaba iliyokuwa iende Atlantiki ikapita Tunduma, Mbeya na Makambako. Hata hivyo TAZARA nayo haikunusurika: mwaka 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja lake la Mto Chambeshi nchini Zambia.

Tofauti yetu na Angola haikutokana na wema wa wafadhili. Msaada wa TAZARA ulipokelewa na serikali mbili zilizoelewana, zikakopa kwa majina yao na kumiliki reli nusu kwa nusu. Hapakuwa na Tanzania tatu zenye majeshi matatu ya kupeleka bunduki.

Ugomvi wenyewe umerudi, safari hii juu ya shaba na kobalti. Benguela, iliyofufuliwa na Wachina baada ya vita, sasa inaendeshwa na kampuni za Ulaya kwa mkataba wa miaka 30, Marekani imeahidi mkopo wa zaidi ya dola milioni 500, na Joe Biden, aliyekuwa rais wake wakati huo, alifika Lobito Desemba 2024. Kwa TAZARA, Septemba 2025 ilisainiwa kandarasi ya miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, yenye thamani ya dola bilioni 1.4. Fedha hizo zinahitajika. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000, baada ya njia za kusini, za kupitia Zimbabwe na Afrika Kusini, kufunguka tena na malori kuchukua mizigo.

Wasiwasi wetu ni abiria. Shaba ndiyo inayolipa, na mwekezaji ataipa njia kwanza. Kwa sasa tunaipa treni hii alama tatu kati ya tano: tano kwa mlima na kwa kuwafikia wasio na barabara, moja kwa kutunza muda, na tatu kwa starehe. Wabunge wa Kilombero, Njombe na Mbeya wadai mambo matatu mapema: idadi ya treni za abiria kwa wiki iandikwe mkatabani, vituo vidogo vya mlimani visirukwe, na behewa la vifurushi libaki kwenye kila treni ya abiria. Bila behewa hilo, mkulima wa Uchindile atabaki kuyatazama mabehewa ya shaba yakipita na mchele wake ukiwa chini ya turubai.