Huduma ya Akiolojia ya Mkoa nchini Ufaransa: usimamizi mzuri, kumbukumbu ngumu kufikiwa

Kila mkoa wa Ufaransa una Huduma ya Akiolojia, kitengo cha serikali kuu kilicho ndani ya kurugenzi ya utamaduni na kinachotenda kwa mamlaka ya mkuu wa mkoa. Maofisa wake hupitia maombi ya ujenzi, huamuru uchunguzi wa awali, hukagua kazi uwanjani na kupokea ripoti, ilhali uchimbaji unaotangulia ujenzi huachiwa taasisi ya taifa ya Inrap, timu za serikali za mitaa au kampuni zilizoidhinishwa. Anayekagua si yule anayechimba, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya huduma hii.

Sheria nayo haina mzaha. Tangu 1941 hakuna ruhusa ya kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila kibali, hata katika shamba lako mwenyewe. Na tangu sheria ya 17 Januari 2001, mwenye mradi anaweza kuamriwa asubiri mpaka mitaro ya majaribio ichimbwe katika kiwanja chake na kuchunguzwa. Kukipatikana jambo la maana, uchimbaji kamili kwa kawaida huwa kwa gharama yake, na malalamiko ya wajenzi hayaishi.

Upande wa kumbukumbu ndiko ninakopunguza alama. Ramani ya mtandaoni iitwayo Atlas des patrimoines ni ya bure, lakini maeneo yaliyotiwa rangi yanaonyesha mahali serikali inapotaka kuarifiwa kabla ya ujenzi. Hayakuambii kilichofukuliwa hapo. Undani umo katika hifadhidata ya Patriarche, ambayo ni chombo cha maofisa, na mahali hasa pa baadhi ya masalia hufichwa kwa kuhofia wezi wenye vitambua-metali. Hofu hiyo naielewa. Nisichokielewa ni kwa nini mkoa wa Bretagne umeweza kuweka ripoti zake za uchimbaji mtandaoni, zikasomwa bure na yeyote, ilhali kwingine msomaji bado hulazimika kuomba miadi na kufunga safari.

Kwa watafiti wa pwani yetu jambo hili si la mbali, kwa kuwa sheria hiyohiyo inatawala Mayotte, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilicho chini ya Ufaransa, kupitia kurugenzi ya utamaduni ya huko: ndiko iliko Dembéni, makazi ya wafanyabiashara yaliyostawi kati ya karne ya 9 na ya 12, na msikiti wa Tsingoni wenye mihrabu ya 1538. Anayetafiti Kilwa au Lamu atazihitaji ripoti hizo, basi aandike kwa Kifaransa na mapema, akitaja wilaya na namba ya kiwanja. Nyota nne kwa usimamizi. Kwa kumbukumbu, tatu.